Uchanganuzi wa mitandao binafsi

Uchanganuzi wa mitandao binafsi ni tawi la utafiti wa mitandao ya kijamii linalomweka mtu mmoja katikati, kisha kuchunguza watu anaohusiana nao na jinsi wanavyofahamiana wao kwa wao. Kwa kawaida mhojiwa hutaja kwanza majina, kwa mfano ya wale anaozungumza nao mambo mazito. Halafu hueleza sifa za kila mmoja, na mwisho nani kati yao anamjua nani. Swali hilo la mwisho huchosha, lakini ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote: bila hilo mtafiti hubaki na orodha tu.

Elizabeth Bott alithibitisha thamani hiyo mwaka 1957 katika utafiti wake wa familia 20 za London. Kadiri jamaa na marafiki wa wanandoa walivyofahamiana, ndivyo majukumu ya mume na mke yalivyotengana. Huko Toronto, Barry Wellman alionyesha mwaka 1979 kwamba wandani wengi wa wakazi wa East York waliishi nje ya mtaa wao.

Mbinu hii hutegemea kumbukumbu, na wanaosahaulika zaidi ni wale wanaoonana na mhojiwa kwa nadra.