Jenereta ya magnetohaidrodinamiki

Jenereta ya magnetohaidrodinamiki ni mtambo unaogeuza moja kwa moja nishati ya gesi yenye joto kali kuwa umeme, bila turbini wala sehemu yoyote inayozunguka. Gesi hiyo, iliyo katika hali ya plazma, hupitishwa kwa kasi kati ya sumaku zenye nguvu. Uga wa sumaku husukuma chaji chanya upande mmoja na chaji hasi upande wa pili, na elektrodi za ukutani hukusanya mkondo.

Gesi hiyo inaweza kutokana na mwako. Kwa mfano, hidrojeni ikichomwa ndani ya oksijeni safi huacha mvuke wa maji tu, nao mwali wake hukaribia nyuzi 2,800 za Selsiasi. Joto hilo, kubwa kama lilivyo, bado halitoshi: mvuke hupitisha umeme kwa shida mno. Ndiyo maana huongezwa chembechembe za potasiamu, metali ambayo huachia elektroni zake kwa urahisi.

Michael Faraday alijaribu wazo la msingi mwaka 1832 kwa maji ya mto Thames, kwenye daraja la Waterloo jijini London, asipate vipimo vya kuaminika. Mafanikio makubwa zaidi yalikuja Moscow, ambako mtambo wa U-25, uliotumia gesi asilia, ulianza kazi mwaka 1971 na baadaye kufikia takriban megawati 20.

Kikwazo kikuu ni elektrodi, ambazo huliwa haraka na joto pamoja na potasiamu yenyewe.