Njia ya Baiskeli ya Danubi

Njia ya Baiskeli ya Danubi (kwa Kijerumani: Donauradweg) ni njia ya matembezi ya baiskeli inayofuata mto Danubi katika Ulaya ya Kati. Kipande chake maarufu zaidi huanzia Passau, Ujerumani, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, umbali wa kilomita 320 hivi. Ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu inayounganisha Bahari ya Atlantiki na Bahari Nyeusi.

Mahali pengi inapita juu ya vijia vya zamani vya kingoni, ambako farasi walivuta mashua za mizigo dhidi ya mkondo kabla ya enzi ya meli za mvuke. Kwa hiyo ni tambarare, na huwafaa hata wazee na watoto. Wasafiri wengi humaliza kipande cha Passau hadi Vienna kwa takriban wiki moja, wakilala katika nyumba za wageni vijijini. Vivuko vidogo huwavusha mto pamoja na baiskeli zao.

Baada ya mji wa Linz na abasia ya Melk hufuata bonde la Wachau, lenye mizabibu na miaprikoti, lililoandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000.