Kijana wa Sandton na vita vya Mombasa Mpya

Mwaka 2009, wakati magazeti yetu yamejaa habari za maharamia wa Bahari Hindi, Mombasa ilivamiwa kutoka juu. Septemba 22 mwaka huo ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Halo 3: ODST, ambamo askari wachache wanadondoshwa kutoka angani ndani ya makasha ya chuma na kuangukia mji uliokwisha kushambuliwa na viumbe wa sayari nyingine. Askari mmoja anazinduka usiku na kutembea peke yake akiwatafuta wenzake, huku saksafoni ikilia kwa mbali. Hatua za mchezo huo zina majina ambayo mtu wa Pwani hahitaji kufasiriwa: Kizingo, Kikowani, Tayari.

ODST alikuwa mtoto wa tatu wa ukoo wa Halo kuzaliwa mwaka huo. Wa kwanza, Halo Wars, alitoka kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Wa pili, aliyetoka Agosti, ni mtoto wa nje. Ni filamu ya District 9, ambayo jina la Halo halimo ndani yake hata mara moja, lakini isingetengenezwa kama Halo isingekuwapo. Ukitaka kuwaelewa watatu hawa kwa pamoja, huna budi kupita Sandton, kaskazini mwa Johannesburg.

Lakini tuanzie Chicago, ambako kampuni ya Bungie ilianzishwa mwaka 1991. Mwaka 1997 Bungie walitoa Myth, mchezo wa vita unaotazamwa kutoka juu, mchezaji akiwaamuru askari wake kama jemadari aliyesimama kilimani. Mradi uliofuata ulianza kwa mtazamo uleule, ila sasa vita vilikuwa vya zama zijazo. Mradi huo ndio uliokuja kuitwa Halo. Mamilioni ya watu wanaoijua Halo kama mchezo wa kukimbia na bunduki mkononi hawajui kwamba ilitungwa kwanza kama mchezo wa mkakati wa papo kwa papo.

Anayecheza bao la Kiswahili anaijua nusu ya michezo ya aina hiyo. Una kete zako 32, unaanza namua huku 22 zikiwa bado ghalani, na unapima namna ya kuzitoa usije ukabaki mtupu. Tofauti ni kwamba kwenye bao mwenzako anakaa kimya akikuna kidevu mpaka umalize. Kwenye mkakati wa papo kwa papo hakuna zamu. Ukikuna kidevu, yeye ameshajenga kiwanda cha vifaru. Kanuni zake zilipata umbo mwaka 1992, pale Westwood Studios wa Las Vegas walipotoa Dune II, iliyotokana na riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965: vuna kiungo cha thamani jangwani, kiuze, jenga kambi, nunua jeshi, kapigane. Mtu wa Johannesburg angeuelewa mpango huo bila kufundishwa. Mji wake ulizaliwa mwaka 1886 kwa ajili ya dhahabu, na mengine yote yalifuata baadaye.

Kilichoishusha Halo kutoka juu ni gari. Bungie walikuwa wameunda gari dogo la kijeshi, Warthog, linalodunda kwenye mabonde kama matatu iliyokatika springi, na wenyewe wakajikuta wanapenda kulitazama kwa karibu kuliko kuongoza jeshi zima. Wakaisogeza kamera chini kidogo, kisha kidogo tena, hadi ikakaa mgongoni mwa askari mmoja, na mwishowe ikaingia ndani ya kofia yake. Julai 1999 Steve Jobs aliutangaza mchezo huo jukwaani mbele ya wapenzi wa kompyuta za Apple. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua Bungie, na Novemba 15, 2001 Halo ikatoka pamoja na mashine mpya ya Xbox. Ule mkakati wa papo kwa papo ukawekwa kabatini.

Sehemu ya pili, ya Novemba 9, 2004, ndiyo iliyotuletea vita nyumbani. Inasimulia kwamba katika karne ya 26 kuna Mombasa ya Kale na Mombasa Mpya, na kwamba katikati ya mji huo pana lifti ya kwenda angani, kamba nene inayopanda hadi nje ya dunia. Hapa watunzi walifikiri sawasawa. Lifti ya namna hiyo, kama ingewezekana kujengwa, ingefaa kuwa karibu na mstari wa ikweta, na Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini yake. Tena ni bandari. Katika sehemu ya tatu, ya mwaka 2007, vita vinahamia Voi na barabara ya Tsavo, vipande vya lifti iliyoanguka vikiwa vimetapakaa mbugani na Kilimanjaro ikionekana kwa mbali.

Nimekwisha kutembea katika Mombasa hiyo, na nakiri ilinisisimua. Lakini ni mji wa ajabu. Lifti ya kwenda angani nimeiona. Feri ya Likoni sikuiona. Watu nao hawapo. Katika ODST mkaazi unayemfahamu zaidi ni msichana aitwaye Sadie, na hata yeye humwoni, unasikia sauti yake tu katika rekodi zilizofichwa mitaani. Baba yake anaitwa Dakta Daniel Endesha. Endesha! Aliyelichagua jina hilo bila shaka alifungua kamusi, lakini hakumpigia simu mtu yeyote wa Kisauni. Watunzi waliteremka kutoka juu mpaka barabarani, wakaziona nyumba, wakasahau kubisha hodi.

Sasa Sandton. Jina lenyewe ni la kuunganisha, Sandown na Bryanston, na mji huo ulipata halmashauri yake mwaka 1969, enzi za ubaguzi, kwa ajili ya Wazungu wenye nafasi. Leo soko la hisa la Johannesburg liko huko, lilihama katikati ya jiji mwaka 2000. Ukivuka barabara kuu ya M1 upande wa mashariki, mwendo wa dakika chache, uko Alexandra, mtaa wa watu weusi uliokuwapo tangu 1912, ambako vibanda vya mabati vimebanana. Mgeni kutoka Nairobi haishangai sana hali hiyo, maana ameshaona Muthaiga na Mathare. Bado inamkaa moyoni.

Katika mtaa wa Morningside, humohumo Sandton, kuna shule iitwayo Redhill. Ndiko alikosoma Neill Blomkamp, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1979, kijana mwenye wazimu wa kuchora na kutengeneza picha kwa kompyuta. Aliyemsaidia kupata kompyuta hizo ni Sharlto Copley, aliyemtangulia kidogo kwa umri na aliyesoma shule hiyohiyo. Blomkamp alipofika miaka 18 familia yake ilihamia Vancouver, Kanada, akasomea filamu huko. Mwaka 2005 alirudi Johannesburg na kupiga filamu fupi ya dakika sita hivi, Alive in Joburg, kuhusu viumbe wa anga walionaswa katika mitaa ya kimaskini. Baadhi ya wanaohojiwa humo si waigizaji. Aliwauliza wapita njia maoni yao kuhusu wahamiaji kutoka nchi nyingine za Afrika, kisha akayapachika majibu yao kana kwamba wanawasema viumbe wa anga. Hakuhitaji kubadilisha neno.

Wakati huohuo Hollywood ilikuwa inahangaikia Halo. Juni 2005 Microsoft waliuza wazo la filamu kwa namna ambayo haijasahaulika: matarishi waliovaa deraya ya shujaa wa mchezo huo waliingia katika ofisi za studio kubwa wakiwa wamebeba hati ya filamu iliyoandikwa na Alex Garland. Peter Jackson, aliyetoka kutengeneza The Lord of the Rings, akakubali kuisimamia. Mwaka 2006 akamchagua Blomkamp awe mwongozaji. Hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu hata moja. Alihamia New Zealand, akaanza kazi, na mafundi wa kampuni ya Weta wakamuundia silaha pamoja na gari la Warthog la kweli linalokwenda barabarani. Oktoba 2006 studio mbili zilizokuwa zitoe fedha, Universal na Fox, zikajitoa, baada ya mvutano wa gharama na mgawanyo wa mapato. Gari lilibaki limeegeshwa. Baadaye Blomkamp alilitumia katika vifilamu vifupi vya kuitangaza Halo 3.

Jackson na mwenzi wake Fran Walsh wakamwambia kijana arudi kwenye filamu yake ya dakika sita, airefushe. Ndiyo District 9. Chombo cha angani kinasimama juu ya Johannesburg mwaka 1982 na hakiondoki. Abiria wake wenye njaa wanashushwa na kufungiwa kambini. Miaka inapita, wenyeji wanawachoka. Copley, ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, akapewa nafasi ya Wikus, karani wa kampuni anayepita mlango kwa mlango akiwasainisha viumbe hao hati za kuhamishwa. Picha zilipigwa Chiawelo, Soweto, mwaka 2008. Mei mwaka huohuo ghasia dhidi ya wageni zililipuka Alexandra, ng'ambo ya barabara kutoka Sandton, zikaenea nchini, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Filamu iligharimu dola milioni 30, ikaingiza takriban milioni 210, na kuteuliwa kuwania Oscar nne, mojawapo ya filamu bora ya mwaka. Haikumpendeza kila mtu. Nigeria iliipinga kwa jinsi ilivyowachora raia wake kama majambazi, na mimi naona Wanigeria walikuwa na haki ya kukasirika: filamu inayokemea chuki dhidi ya wageni iliteleza palepale.

Na yule mtoto wa kwanza, Halo Wars? Kazi ya kuitoa Halo ya mkakati kabatini walipewa Ensemble Studios wa Dallas, waliojenga jina kwa Age of Empires. Kwa muda mrefu walikuwa wakitafuta jinsi ya kuongoza jeshi zima kwa pedi ya vidole gumba, bila kipanya wala kibodi, jambo ambalo wengi waliliona muhali. Wakarahisisha: kambi hujengwa mahali maalumu tu, akiba hujazwa na majengo yenyewe badala ya vibarua, na kitufe kimoja hukusanya majeshi yote yanayoonekana kwenye skrini. Kisa kimewekwa mwaka 2531, kabla ya vita kufika Mombasa, na shujaa maarufu hayumo. Mchezo uliuza nakala zaidi ya milioni moja katika wiki chache za mwanzo. Waliouunda hawakuwapo kazini kusherehekea. Microsoft walikuwa wametangaza Septemba 2008 kwamba studio itafungwa, na ilifungwa Januari 2009, wiki chache kabla mchezo haujafika madukani.

Halo Wars 2 ilitengenezwa na Creative Assembly wa Uingereza na kutoka Februari 2017. Ya tatu haijatoka. Halo ilipata tamthilia ya televisheni mwaka 2022, ikafutwa 2024 baada ya misimu miwili. Filamu ya sinema haijatengenezwa hadi leo. Ukitaka kuamuru majeshi, Halo Wars ya kwanza iliboreshwa na sasa inachezeka kwenye kompyuta ya kawaida. Lakini ukiwa na jioni moja tu, iache, katazame District 9.