Nani Alimfanya Othello Aamini?

Mwaka 1999 Hugh Quarshie, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa Accra, alichapisha mhadhara uliowachoma wengi. Alidai kwamba, kati ya nafasi zote za jukwaani, pengine Othello wa Shakespeare ndiyo ambayo mwigizaji mweusi hakupaswa kuigusa. Kila anapoikubali, anaithibitishia hadhira ya kizungu kwamba Mwafrika, hata akivikwa ujenerali, wivu ukimpanda atageuka mnyama. Kijitabu hicho ni chembamba, nacho hutajwa zaidi kuliko kinavyosomwa. Wanaokitaja huishia kwenye rangi. Mimi nasikia swali jingine chini yake: kwa nini jenerali aliyezoea kupima habari za vita aamini uzinzi wa mkewe kwa maneno ya kuambiwa na Iago, msaidizi wake, na kwa leso iliyopotea?

Kila anayemcheza Othello hulijibu swali hilo, atake asitake.

Miaka mia mbili ya mwanzo haitatuweka. Kundi la Shakespeare liliicheza tamthilia hii mbele ya Mfalme James mwaka 1604, na baada ya hapo wakafuatana wazungu waliojipaka masizi. Mwaka 1814 Edmund Kean alipunguza masizi hadi rangi ya hudhurungi, akasifiwa. Mambo yalianza hasa pale Kean huyohuyo alipoanguka jukwaani Covent Garden, tarehe 25 Machi 1833, mikononi mwa mwanawe Charles aliyekuwa akicheza Iago.

Aprili 10 nafasi ile ikashikwa na Ira Aldridge, Mmarekani mweusi wa New York mwenye umri wa miaka 25. Huo ni mwaka ambao Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni, na kelele za wenye mashamba zilikuwa hazijatulia. Jarida la Athenaeum lilikereka kwa sababu Bi Ellen Tree, aliyecheza Desdemona, mke wa Othello, alishikwashikwa na mtu mweusi mbele ya watu. Aldridge alipanda jukwaa hilo siku mbili tu. Wapo wanaotueleza hadi leo kwamba alikataliwa kwa sababu za kisanii. Sina subira nao. Sanaa hiyohiyo ilishangiliwa St Petersburg mwaka 1858, na alipofariki mwaka 1867 alizikwa Łódź, Poland, mbali na wote waliomfungia mlango.

Othello wa Mmarekani mweusi Paul Robeson, aliyechezwa mara 296 Broadway kuanzia 1943, alikuwa mtu mwungwana aliyeamini kwa sababu mwungwana hadhani mwenzake ni mwongo. Laurence Olivier, mwaka 1964, alifuata hoja ya mhakiki F. R. Leavis ya 1937: Othello anajipenda mno, Iago anapuliza tu moto uliokwisha kuwaka. Ni hoja ya kufikiriwa. Lakini Olivier aliifikisha akiwa amejipaka weusi kuanzia utosini hadi nyayoni, na hapo hoja ikazama ndani ya rangi. Filamu yake ya 1965 ipo, atakaye aitazame. Mimi dakika ishirini zilinitosha.

Johannesburg, 1987, mwongozaji Janet Suzman alimpa mwigizaji mweusi John Kani nafasi hiyo katika Market Theatre. Sheria iliyoharamisha ndoa kati ya weusi na weupe ilikuwa imefutwa miaka miwili tu kabla, kwa hiyo Kani na Joanna Weinberg, Desdemona wake mweupe, walipobusiana, jukwaa zima lilikuwa kesi ya kisiasa. Othello yule hakuhitaji kuelezwa kwa nini anaamini: alizungukwa na dola nzima yenye kazi ya kumdanganya.

Msomaji wa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, atamkumbuka mwanamfalme wa Morocco, aliyekuja kuposa akiomba asichukiwe kwa rangi yake, akakosea kuchagua kasha la kumpatia mke na kwenda zake. Yeye hakupewa mke. Othello alipewa, na jeshi juu yake.

Kisha, mwaka 2015, Stratford-upon-Avon, Quarshie alivunja neno lake. Alimcheza Othello chini ya mwongozaji Iqbal Khan, na Iago akawa Lucian Msamati, aliyezaliwa London na wazazi Watanzania, akakulia Zimbabwe. Royal Shakespeare Company haikuwahi kuwa na Iago mweusi. Ghafla fumbo la leso likafunguka. Katika kambi ya wageni, mtu huamini kwanza wa kwao; kikulacho ki nguoni mwako. Na kinyongo cha Iago kikapata mzizi: aliyemnyima cheo, akampa afisa mwingine, Cassio, ni mwenzake.

Katika onyesho la mwisho Othello anataka kujua kwa nini amenaswa hivyo, roho na mwili. Iago anaapa kutosema neno tena. Kwa waigizaji wengine nilikuwa nikisikia kimya cha adui. Kwa Msamati nilisikia cha ndugu aliyekwishasema yote mapema, asisikilizwe.