Deni Si Jinai: Somo la Mwaka 1983

Hapa Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro ninakoishi, neno "tapeli" hutumika kwa wepesi mno. Aliyechukua magunia ya mchele kwa mali kauli akashindwa kulipa siku ya ahadi huitwa tapeli, na mdai wake hukimbilia polisi kabla ya kufikiria mahakama. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria nao huyachanganya mambo haya mawili. Historia yetu inaonyesha kwa nini yasichanganywe.

Sheria ya Mikataba, tuliyonayo tangu 1961 ilipochukua nafasi ya ile ya India ya 1872, humtaka aliyevunja ahadi alipe fidia. Lengo lake ni kumrudishia mdai alichopoteza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, husimamia jambo jingine: dola inamshtaki mtu, nayo inapaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya maana, tendo lililokatazwa na nia ovu iliyoliambatana. Mnunuzi aliyedanganya tangu mwanzo ili apewe mchele ametenda kosa la jinai. Aliyekusudia kulipa kisha biashara ikamwangukia ana deni tu.

Mwaka 1983 mpaka huo kati ya biashara na jinai ulitikiswa. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekausha hazina. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa adimu. Machi mwaka huo, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wananchi wengi walishangilia, na hasira yao ilikuwa na sababu. Hata hivyo, sheria ya kuwashughulikia waliokamatwa ilitungwa baada ya msako kuanza, kisha ikarudishwa nyuma ili iwafunge. Iliunda Baraza Maalumu lililo nje ya mahakama za kawaida: mshtakiwa hakuruhusiwa wakili, wala hakuwa na rufaa mahakamani. Kuwa na shehena ghalani, jambo la kawaida kwa mfanyabiashara, kukawa chanzo cha tuhuma. Wengine walitupa bidhaa zao usiku kwa hofu, na uhaba ukabaki palepale.

Sokoine alifariki katika ajali ya gari Aprili 12, 1984, Dakawa, humu humu mkoani Morogoro. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi, iliyorudisha mashauri hayo Mahakama Kuu pamoja na haki ya wakili na rufaa. Mwaka huohuo pia Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba. Ibara ya 13(6) inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda, na kumfanya mshtakiwa aonekane mkosaji kabla ya kuthibitishwa.

Uadilifu wa Sokoine hauna mshindani, na mlanguzi hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Lakini nia njema ya kiongozi haiwezi kushika nafasi ya utaratibu wa haki, kwa kuwa kiongozi hupita na chombo alichokiunda hubaki mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo, ofisa anayeletewa mdaiwa leo aulize kwanza: je, palikuwa na udanganyifu tangu mwanzo, au ni ahadi iliyoshindikana? Jibu likiwa la pili, mahali pa shauri hilo ni mahakama ya madai. Kumweka mdaiwa mahabusu ili ndugu zake wachange fedha ni kuligeuza jeshi la umma kuwa wakala wa kukusanya madeni ya watu binafsi.