Feza Iliyopandwa Katika Mingazi

Hakuna nyumba katika Kongo isiyojua mawese. Mama hutia mafuta yale mekundu katika sombe, fundi wa sabuni huyapika, na kule Fizi, Uvira na Beni watu wengi wamesomesha watoto wao kwa ngazi. Kwa hiyo mtu akija na karatasi nzuri, akasema: «Leteni akiba yenu, tutapanda mingazi, na kila mwaka mtapata faida», maneno yake yaingia upesi moyoni. Mti twaujua, soko twalijua. Kwa nini tuogope?

Wasomaji wapenzi, kujua mti si kujua kompani. Historia ya mafuta katika nchi yetu yapita miaka mia, nayo yatufundisha jambo hili: mti ulizaa sikuzote, lakini feza za watu zilipotea mara nyingi, za matajiri wa Ulaya na za wanyonge wa kijiji pia. Basi tuitazame historia hiyo pole pole, kusudi mwenye kutunza akiba ya jamaa, ya parokia au ya koperative ajue maulizo ya kuuliza kabla ya kutoa hata franka moja.

Duara tano za Bwana Lever

Karibu na mji wa Liverpool, Mwingereza William Lever alikuwa na kiwanda kikubwa cha sabuni. Sabuni yataka mafuta, naye aliogopa kuwa chini ya wachuuzi wa mafuta na bei zao. Alitaka mashamba yake mwenyewe. Serikali ya Waingereza katika Afrika ya Magharibi haikukubali kumpa ardhi kubwa aliyoitaka. Ndipo akawageukia Wabelgiji. Tarehe 14 Aprili 1911 mapatano yakatiwa sahihi, na kompani ya Huileries du Congo Belge ikazaliwa.

Mapatano yale yalichora duara tano juu ya ramani: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Kila duara ilikuwa na kilometa 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Ukifanya hesabu utaona kwamba duara tano hizo zapita kilometa za mraba 56,000, yaani karibu mara mbili ya nchi ya Ubelgiji. Ndani yake kompani iliweza kuchagua ardhi hadi hektari 750,000. Majina mapya yakaja: Lusanga ikawa Leverville, na pengine pakaitwa Alberta, Elisabetha, Brabanta na Flandria. Kwa upande wake kompani iliahidi mshahara usiopungua santimu 25 kwa siku, na katika kila duara shule, hospitali na mganga.

Yafaa kusema kweli yote. Shule zilijengwa, hospitali zilijengwa, na wamisionari walifundisha humo. Lakini pia watu wengi walilazimishwa kupanda mingazi ya porini na kukata ngazi, na mikataba iliyofuata iliwakataza kuuza matunda yao kwa mnunuzi mwingine. Anayeuza kwa mnunuzi mmoja tu hana bei. Ana zawadi, na zawadi yaweza kupunguzwa.

Ardhi ya nani?

Ulizo la kwanza basi ni la ardhi. Duara za Lever zilichorwa kana kwamba mwitu hauna mwenyewe. Tangu sheria ya tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Leopold wa Pili ilihesabu ardhi «isiyo na watu» kuwa mali yake. Lakini wazee walijua kila kijito na kila mti wa ngazi ni wa ukoo gani. Shamba lililoachwa lipumzike si shamba lisilo na mwenyewe.

Kosa hilo halikuoza na karatasi zake. Katika Novemba 2018, zaidi ya miaka mia baada ya mapatano ya Lever, jamii tisa za Kongo zilipeleka mashitaka mbele ya mabenki ya maendeleo ya Ulaya yaliyoikopesha kompani ya mashamba yale yale ya zamani. Ulizo lao lilikuwa lile la babu zao: ni nani aliyewapa ardhi yetu?

Tena si Kongo peke yake. Nchini Kamerun, kompani moja ya Wamarekani, Herakles Farms, ilitia sahihi katika mwaka 2009 mapatano ya hektari zaidi ya 73,000. Wanavijiji na watunza mwitu walipinga. Katika Novemba 2013 Rais wa nchi alitoa amri, na ardhi ikapunguzwa hata ikabaki kidogo kuliko hektari 20,000. Aliyenunua hisa akihesabu hektari 73,000 alijikuta ana robo tu. Ndiyo maana twasema: haki ya mwanakijiji si jambo la huruma peke yake. Hata mwenye feza asiyejali huruma apaswa kuliogopa dhuluma, kwa sababu jengo la dhuluma halina msingi.

Bei haimtii mpandaji

Ulizo la pili ni la bei. Bei ya mafuta hukatwa mbali, katika masoko ambayo mkata ngazi hatayaona kamwe. Lever mwenyewe alionja uchungu huo. Mwanzoni mwa mwaka 1920, wakati kila kitu kilipokuwa ghali baada ya vita, aliinunua Niger Company kwa pauni zaidi ya milioni 8. Baada ya muda mfupi bei za mazao ya Afrika zikaanguka, na kompani aliyoinunua ilikuwa imejaa madeni. Tajiri yule mkubwa akalazimika kuyasikia maneno ya mabenki. Ikiwa bwana mwenye viwanda, meli na mahesabu mengi alidanganyika hivyo, sisi tuna nguvu gani?

Bei ikianguka, uzito huteremka hata kumfikia aliye chini kabisa. Katika taabu kubwa ya uchumi iliyoanza 1929, bei ya ngazi ilipunguzwa sana katika nchi ya Kwango, lakini kodi haikupunguzwa vivyo hivyo. Wapende wakachoka. Katika Juni 1931 mtumishi mmoja wa Serikali, Maximilien Balot, aliuawa, na askari walipotumwa waliua Wapende zaidi ya 500. Tusisahau hesabu hii tunaposoma karatasi za faida.

Wala siku zetu hazikubadilika. Katika Machi 2008 tani moja ya mafuta ya mawese iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa karibu dola 500. Ikapanda tena, na katika 2015 ikateremka tena. Mtu wa biashara akikuonyesha faida, tazama amechukua bei ya mwaka gani.

Mti hungoja, deni halingoji

Ulizo la tatu ni la wakati. Mngazi wa shamba hauzai mpaka mwaka wa tatu au wa nne, na hufikia nguvu zake zote baada ya miaka kadhaa tena. Ukipita miaka 25 hivi, huwa mrefu mno kukatwa kwa urahisi, nao huzaa kidogo; yapasa kupanda upya. Katika miaka ile ya kungoja, wafanyakazi wataka mshahara, na benki yataka riba yake.

Tena tunda la ngazi halingoji. Likikatwa lapaswa kufika masinini upesi, kwa siku moja hivi, la sivyo mafuta yake huwa makali na bei yake hupungua. Basi nani hutengeneza barabara? Nani huleta mazuti ya lori? Mashamba ya Lokutu, iliyokuwa Elisabetha, yako mbali na Kinshasa zaidi ya kilometa elfu kwa mto. Na chini ya Kinshasa mto una maporomoko, hivi kwamba mzigo wa kwenda ng'ambo lazima uchukuliwe kwa reli au kwa barabara hadi Matadi. Kila kituo hula sehemu ya faida.

Jambo moja latuumiza. Huko Yangambi, si mbali na Kisangani, wataalamu wa INEAC waligundua siri ya mngazi mwema. Katika mwaka 1941 Beirnaert na mwenzake Vanderweyen walionyesha kwamba ukichanganya mngazi wa kokwa nene na ule usio na gamba, wapata ule wenye gamba jembamba na mafuta mengi. Elimu hiyo ya Yangambi imeitajirisha dunia. Leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya sehemu nne kwa tano za mafuta yote ya mawese, na mafuta yao yafika hata katika masoko yetu. Mti wetu, elimu iliyopatikana kwetu, na sisi twanunua! Basi anayewekeza Kongo ajue kwamba ashindana na hao wenye barabara, bandari na mbegu bora.

Kompani yabadili mabwana

Ulizo la nne: kesho kompani itakuwa ya nani? Kompani ya Lever iliingia ndani ya Unilever, iliyoundwa 1929. Baada ya uhuru machafuko yalikuja. Katika Januari 1964 Kwilu, nchi ya Leverville, iliwaka moto wa maasi ya Pierre Mulele. Mapadri watatu Waoblati waliuawa Kilembe, na wanakijiji wengi sana walikufa. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Wengi waliopewa hawakujua kazi ile. Masini zilikufa, magugu yalipanda juu ya mingazi, na tangu 1976 Serikali ilianza kuwaita wenyewe wa zamani warudi. Karatasi ya hisa haikuwakinga na tangazo la siku moja.

Katika mwaka 2009 Unilever iliuza mashamba yaliyobaki ya Lokutu, Yaligimba na Boteka kwa kompani iitwayo Feronia, ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la Toronto, nchini Kanada. Serikali ya Kongo ilibaki na karibu robo. Hektari zilizoandikwa zilipita 100,000. Wengi walisema: sasa njaa ya dunia na rutuba ya Afrika zimekutana! Shirika la Serikali ya Uingereza lililoitwa wakati ule CDC liliingia katika 2013, na katika 2015 mabenki ya maendeleo ya Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji yalikopesha dola milioni 49. Lakini miti ilikuwa ya kizee, bei ikaanguka, gharama zilikuwa kubwa, na ugomvi wa ardhi na mishahara haukwisha. Katika 2020 Feronia ilishindwa kulipa madeni, na mashamba yakapita mikononi mwa mabwana wengine. Waliokuwa na hisa walipoteza feza yao, na wakopeshaji walisamehe sehemu kubwa ya deni.

Vivyo hivyo nchini Liberia: Sime Darby, kompani kubwa ya Malaysia, ilipata 2009 haki ya hektari 220,000 kwa miaka 63. Ilipanda kama hektari elfu kumi tu, na katika 2020 ikaondoka ikiuza kazi yake yote kwa dola moja na ahadi ya malipo ya baadaye. Hao si watu wasiojua mngazi. Wanaujua kuliko watu wote.

Maulizo ya kushika mkononi

Hatusemi kwamba kupanda mingazi ni upumbavu. Mwanakijiji mwenye hektari mbili, anayekamua mafuta yake na kuyauza sokoni karibu, hana deni kwa benki, na mwaka mbaya hula muhogo wake. Lakini mwenye kununua hisa, yaani sehemu ya mali ya kompani, hali mafuta wala muhogo; ana karatasi. Basi aulize: Ardhi ni ya nani, na wazee wake wamekubali mbele ya watu wote? Miti ina umri gani? Kompani ina deni kiasi gani, nalo lalipwa lini? Mafuta yapita njia gani hadi sokoni? Mkata ngazi alipwa nini? Na mwenye kunishauri atapoteza nini ikiwa mimi nitapoteza?

Ulizo lile la mshahara twalisisitiza. Papa Leo wa Kumi na Tatu alifundisha tangu 1891 kwamba mshahara wapaswa kutosha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi, na kwamba mapatano ya mwenye njaa si ruhusa ya kumpunja. Kompani isiyoweza kuishi bila kumpunja mkata ngazi haina faida; yakopa kwa maskini bila kumwandikia karatasi. Na deni kama lile hulipwa siku moja, kwa feza au kwa damu, kama Kwango ilivyoona.

Bwana wetu alitwambia habari ya mtu atakaye kujenga mnara: huketi kwanza ahesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia. Katika duara za Lever msingi umewekwa mara nyingi, na wapita njia wameona magofu. Basi, ndugu, tuketi kwanza. Tuhesabu. Na katika hesabu zetu tumwandike na yule aliye juu ya mti, mwenye panga mkononi, maana bila yeye hakuna tone.