Lantana, Malale na Mpaka: Historia ya Kichaka Kimoja Tororo na Busia

Mgeni apitaye kati ya Tororo na Busia aweza kuidhania lantana kuwa waridi la mwituni: shina lina vijimiiba, maua ni ya waridi yaliyochanganyika na manjano, na majani yakifikichwa hutoa harufu kali. Hata hivyo, Lantana camara haimo katika jamii ya waridi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na Linnaeus aliipa jina la kisayansi mwaka 1753. Ililetwa Afrika Mashariki kama pambo na uzio. Ndege walao matunda yake wakaieneza.

Makala hii inadai kwamba kuenea huko hakuelezeki kwa biolojia pekee. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ya pamba na kahawa ilidorora, na mashamba mengi ya Busoga yakaachwa. Lantana ikayavamia. Mbung'o aina ya Glossina fuscipes, ambaye kwa kawaida hukaa kando ya maji, alipata kivuli karibu na nyumba na mifugo. Mwaka 1976 mlipuko wa malale ulianza Busoga, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ulikuwa umeshika Tororo. Ng'ombe walihifadhi vimelea bila kuonyesha dalili nzito. Biashara ya mifugo haikujua mpaka.

Wakati huohuo, uwezo wa kukabiliana na maradhi uligawanyika. Shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki lilikuwa na makao yake Tororo. Jumuiya iliposambaratika mwaka 1977, Uganda ilibaki na taasisi yake, na Kenya ikajenga yake, yenye kituo Alupe, Busia. Kichaka kilibaki kimoja. Sera zikawa mbili.

Lugha nazo zina sehemu yake. Waganda huiita lantana kayukiyuki, ilhali Wajaluo wana nyabend winy, jina linalotaja ndege, yaani wasambazaji wenyewe wa mbegu. Kiswahili rasmi hakina jina lililokubalika pande zote mbili. Ilani inayosema tu "fyekeni vichaka" haimwambii mkulima kwamba ua lake mwenyewe, alilolipanda kuzuia mbuzi, ndilo linalokusudiwa. Washauri wa sera wanapaswa kuanza na orodha ya pamoja ya majina ya Lusamia, Ateso, Dhopadhola na Kiswahili, kisha ndipo waandike ilani moja kwa Busia zote mbili.